Ekari 30 za mtwana au ekari 3 za mtu huru? Kuchagua nafasi katika ukabaila wa Uingereza

Tuseme umepewa ruhusa ya kuchagua uzaliwe nani katika kijiji cha Uingereza ya kati mwaka 1280 hivi, wakati wa Mfalme Edward I. Ufalme na uaskofu mkuu havimo kwenye orodha. Zimebaki nafasi tano: mtwana, mkulima huru, mtu wa mjini, mtawa, na askari wa farasi mwenye kijiji chake. Wengi tukiulizwa hivi tunakimbilia neno "huru" kabla ya kusikia masharti. Nakushauri usikimbie. Uliza kwanza una ekari ngapi. Halafu uliza kama unachodaiwa kinajulikana mapema au bwana anaweza kukiongeza atakavyo. Swali la uhuru lije la tatu.

Tuliosoma historia sekondari Tanzania tulifundishwa ukabaila kwa mifano ya nyumbani: nyarubanja ya Wahaya, ubugabire, umwinyi wa pwani. Istilahi za somo lile ndizo ninazotumia hapa kwa sababu zinaeleweka, lakini mfumo ninaoulinganisha ni wa Uingereza pekee. Una faida moja kubwa: mabwana wake waliandika. Zimebaki rejesta za mahakama za vijiji, orodha za desturi na hesabu za manyapara, kuku kwa kuku na yai kwa yai.

Ule mgawanyo maarufu wa wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi, ambao Askofu Adalbero wa Laon aliuandika huko Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 11, hautatusaidia. Karibu kila mtu alikuwa kwenye fungu la tatu, na tofauti kubwa za maisha zilikuwa ndani ya fungu hilohilo.

Mtwana wa ekari 30

Huyu ndiye mtu mzito wa kijiji, japo sheria inamwita mfungwa wa ardhi. Ekari zake 30 (kwingine 20, kwingine 40) hazikuwa shamba moja lenye ua. Zilikuwa vipande virefu vyembamba vilivyotawanyika kwenye mashamba mawili au matatu makubwa ya kijiji kizima, kila kipande kimebanwa na vya majirani. Kila mwaka shamba moja kubwa hupumzishwa. Ana maksai wawili hivi, na wakati wa kulima anaungana na wenzake, maana plau nzito la nchi ile lilivutwa na maksai wanane na ni wachache waliowamiliki wote.

Anachodaiwa kinatisha ukikisoma kwa haraka. Kuna shokoa ya kila wiki, siku mbili au tatu kwenye shamba la bwana: kulima, kupalilia, kupura nafaka, kusomba samadi, kuzibua mitaro. Siku tatu kati ya sita ni nusu ya maisha, utasema. Ila angalia kwa karibu. Deni hilo liko juu ya kiwanja, yaani ekari zote 30 kwa pamoja, si juu ya mwili wa mtu mmoja. Mwenye nyumba anaweza kumtuma kijana wake au kibarua. Tena "kazi" moja mara nyingi haikuwa siku kutwa. Ilipimwa kwa kipimo, kiasi fulani cha nafaka ya kupura au urefu fulani wa mtaro, na aliyemaliza adhuhuri alikwenda zake. Bwana aliyehitaji fedha kuliko jasho aliziuza kazi hizo kwa mtwana mwenyewe, nusu peni hivi kwa kazi ya majira ya baridi, peni moja au mbili kwa kazi ya mavuno. Hapo lakini pana mtego: uamuzi wa kuuza ulikuwa wa bwana. Mwaka ambao vibarua wameadimika, alirudi kudai mikono.

Kibaya zaidi ya shokoa ya wiki kilikuwa msaragambo wa mavuno. Mwezi Agosti ngano yako imeiva, ya bwana nayo imeiva, na mawingu yanakusanyika juu ya zote mbili. Ya bwana inavunwa kwanza. Nyumba nzima inatakiwa na mundu mkononi, mahali pengine mke peke yake ndiye aliyesamehewa. Kwa kuwa jina la kazi hiyo lilikuwa "hisani", bwana alilisha: mkate, mchuzi mzito wa njegere, samaki wa chumvi au nyama, jibini, pombe ya shayiri. Orodha za desturi zilitaja hata ukubwa wa mkate, na kama siku hiyo ni ya pombe au ya maji. Wapo wanaocheka wakisoma mambo haya kwenye kumbukumbu za mahakama. Mimi naona watu waliojua thamani ya sharti lililoandikwa. Bwana akileta maji siku ya pombe, leo amepunguza kinywaji na mwakani ataongeza siku.

Kisha kuna vidogovidogo. Kilemba cha kuingia kwenye kiwanja baba anapofariki. Tozo ya mwaka. Kuku wakati wa Krismasi, mayai wakati wa Pasaka. Zaka kwa kanisa, fungu la kumi la mavuno yote, kabla hujatoa mbegu. Na kinu: nafaka yako usage kwenye kinu cha bwana na uache sehemu yake hapo, sehemu moja kati ya 16 mahali pamoja, kati ya 24 mahali pengine.

Piga hesabu mwenyewe. Ngano ya karne ile ilirudisha magunia manne kwa kila gunia moja la mbegu, mwaka ukiwa mzuri. Toa zaka, yamebaki magunia matatu na zaidi ya nusu. Toa mbegu ya mwakani, yamebaki mawili na nusu na kidogo. Humo ndimo mtoke chakula, kinu, tozo, chumvi na chuma cha plau. Kwa ekari 30 inatosha, tena kuna ya kuuza sokoni. Wanahistoria wengi huweka mpaka wa kushiba kwenye ekari 12 hadi 15 kwa familia moja. Chini ya hapo unaishi kwa kuuza mikono yako.

Neno moja kuhusu nyapara, kwa sababu ukichagua nafasi hii huenda zamu ikakufikia. Nyapara wa milki alikuwa mtwana, mara nyingi aliyechaguliwa na watwana wenzake. Alisamehewa shokoa na wakati mwingine kodi, akalishwa na bwana. Kwa upande wa pili, kila mwaka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, aliketi mbele ya wakaguzi wa bwana na kueleza kila kondoo aliyekufa na kila kibaba kilichopungua. Upungufu ulitoka mfukoni mwake. Ndiyo maana wengine walilipa faini ili wasichaguliwe.

Mtu huru wa ekari 3

Jirani yake ni huru. Analipa kodi ya peni kadhaa kwa mwaka, labda na siku moja mbili za kusaidia mavuno, basi. Anaoza binti yake bila kumwuliza mtu. Anaweza kuuza ardhi, kuigawa kwa watoto, kuhama.

Na hapo ndipo ekari zilipokwisha. Mwaka 1279 Edward I aliagiza uchunguzi wa nani anashika nini, na kurasa zilizosalia za uchunguzi huo zimejaa watu huru wenye vipande vidogo mno. Baba mwenye ekari 30 aligawa kwa wana watatu, mmoja akauza nusu mwaka wa njaa, mjukuu akabaki na bustani na jina. Kiwanja cha mtwana hakikuweza kukatwa namna hiyo. Bwana alikataa, kwa faida yake, maana shokoa ya kiwanja kizima ni rahisi kuidai kuliko ya vipande kumi. Kwa hiyo kamba iliyomfunga mtwana ndiyo iliyozuia shamba lake lisimegwe. Sisemi hili kumsifu bwana. Nasema kwa sababu anayechagua anapaswa kujua kwamba uhuru wa kuuza ni pia uhuru wa kuishiwa.

Mwenye ekari 3 alikuwa kibarua. Ujira wa siku wa miaka ile ulikuwa peni moja na nusu hadi mbili, na kazi haikuwepo kila siku. Mara nyingi aliyemwajiri wakati wa mavuno alikuwa yuleyule mtwana wa ekari 30, aliyehitaji mtu wa kumtuma kwenye shokoa. Fikiria hilo: mtu huru anakwenda kufanya kazi ya kitwana, kwa ujira, badala ya mtwana aliyebaki nyumbani.

Ilipokuja mvua isiyokoma ya 1315, na njaa kubwa iliyoendelea hadi 1317, waliokufa kwanza walikuwa watu wa aina hii. Hati ya uhuru haiwekwi chunguni.

Ukipata mkulima huru mwenye ekari 30, mchague huyo na uache kusoma. Kodi yake ilipangwa zamani kwa fedha, na bei za nafaka zilipopanda katika karne ya 13 kodi ile ilibaki palepale, faida ikawa yake. Walikuwepo, hasa mashariki mwa nchi, lakini hawakuwa wengi. Kent nayo ina jambo lake: desturi ya huko ilisema kila aliyezaliwa Kent ni huru. Ila desturi hiyohiyo iligawa urithi sawa kwa wana wote wa kiume, kwa hiyo hesabu ya ekari inarudi pale pale.

Mkiwa mbele ya hakimu

Hapa mtu huru anashinda, na sitapunguza neno. Tangu mageuzi ya Mfalme Henry II mwaka 1166, mtu huru aliyenyang'anywa ardhi bila hukumu aliweza kununua hati ya mfalme, na majirani 12 wakaulizwa swali moja la wazi: je, fulani amemtoa fulani kwenye ardhi yake bila haki? Bwana wake mwenyewe angeweza kuwa mshtakiwa. Mtwana hakuwa na mlango huo. Akienda kwa hakimu wa mfalme, bwana anajibu kwa sentensi moja tu, "huyu ni mtwana wangu," na kesi inakwisha. Kwa maandiko ya wanasheria, hata ng'ombe wa mtwana ni wa bwana, na mtwana ni yule asiyejua jioni kazi atakayopewa asubuhi.

Maisha ya kijijini hayakuwa hivyo kabisa. Mtwana alikuwa na mahakama ya milki, iliyokaa kila baada ya wiki chache, na humo walioeleza desturi ni wazee wa kijiji wenyewe. Bwana mwenye akili hakupenda kuonekana amevunja kilichosomwa mbele ya watu wote mwaka baada ya mwaka. Kulikuwa pia na vijiji vilivyokuwa mali ya ufalme mwaka 1066; humo hata mtwana alilindwa, bwana mpya hakuruhusiwa kuongeza wajibu. Mwaka 1377 watu wa vijiji vingi vya kusini walichanga fedha wakanunua nakala za kitabu cha hesabu cha 1086, kile cha Mfalme William kilichoonyesha ardhi ipi ilikuwa ya nani tangu 1066, wakitumaini kuonyesha kwamba wao ni wa kundi hilo. Watu wasiojua kusoma walinunua maandishi ya Kilatini ya karibu miaka 300, kwa sababu walijua kitakachowaokoa ni kiwango kilichofungwa.

Ushauri wa vitendo kwa aliyechagua uhuru: usikubali kamwe kulipa ada ya kumwoza binti, hata ukiambiwa ni peni sita tu ya kumfurahisha msimamizi. Ada hiyo ilitumiwa mahakamani kama ushahidi kwamba ukoo wako ni wa kitwana. Utwana ulifuata damu, na bwana aliyetaka kuuthibitisha alileta ndugu zako wakiri mbele ya hakimu. Mjomba aliyekubali kulipa mara moja angeweza kukuponza wewe.

Nakushauri pia uchague bwana, ikiwezekana. Bwana mdogo mwenye kijiji kimoja hakuwa na shamba kubwa la kudai shokoa nzito. Abasia kubwa, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, ilikuwa habari nyingine: Ramsey, St Albans, Bury St Edmunds. Abasia haifi, haigawi urithi, na haipotezi karatasi.

St Albans inastahili kisa chake. Abati Richard wa Wallingford, katika miaka ya 1330, aliwakuta wapangaji wake wakisaga nafaka nyumbani kwa vijaa, yale mawe mawili ya kusagia kwa mkono, ili kukwepa kinu cha abasia. Akayakusanya mawe yote na kuyatandaza kuwa sakafu ya chumba kimojawapo cha abasia. Kwa hiyo aliyekuja kuonana na watawa aliweza kukanyaga kijaa cha bibi yake. Mwaka 1381, waasi wa mji walipoingia abasia, jambo mojawapo walilolifanya ni kung'oa sakafu ile, kuvunja mawe na kugawana vipande.

Harusi na matanga

Mtwana akifa, bwana anachukua mnyama bora zizini. Mara nyingi padri naye anachukua wa pili kwa ubora, kwa madai kwamba marehemu huenda alisahau zaka fulani alipokuwa hai. Weka picha hii kwenye nyumba yenye maksai wawili. Jumatatu mume amezikwa, wiki hiyohiyo maksai wote wamekwenda, na vipande vya shamba vinasubiri kulimwa. Mwenye ng'ombe mmoja alimtoa huyo huyo. Asiye na mnyama alitoa chombo au nguo.

Mjane wa mtwana, hata hivyo, hakutolewa nyumbani. Desturi za vijiji vingi zilimwachia theluthi, nusu, au hata kiwanja kizima maisha yake yote, mradi shokoa iendelee. Mjane mwenye ekari 30 hakukosa wachumba, na bwana alimhimiza aolewe ili pawepo mwanamume wa kushika plau. Kuhimizwa huko kulikuwa kero. Wajane wengine walilipa faini ili waachwe. Mjane wa mtu huru alipata theluthi kwa sheria. Theluthi ya ekari 3 ni ekari moja.

Ada ya ndoa ilikuwa ndiyo alama ya aibu kuliko zote, na kiwango chake kilitegemea ukwasi: peni chache kwa masikini, shilingi kadhaa (shilingi moja ni peni 12) kwa binti mwenye mali. Kwa jicho la leo tunaona baba anaomba ruhusa. Rejesta ya abasia ya Ramsey ya 1398 hadi 1458 inaonyesha pia wanawake wengi waliolipa ada wenyewe, kwa fedha yao, na hao bila shaka walikuwa na sauti katika nani wanaolewa naye. Ningekuwa mwanamke wa mwaka 1280, jambo hili ningelipima kwa makini kabla ya kutamani nyumba ya askari wa farasi juu kilimani, na sababu inafuata.

Askari wa farasi

Kila mtu anataka kuwa huyu. Ana kijiji au viwili, nyumba ya mawe, muhuri wake. Ameweka mikono yake miwili ndani ya mikono ya bwana wake na kuapa, na anachodaiwa kwa mapokeo ni siku 40 za vita kwa mwaka kwa gharama yake mwenyewe. Kufikia mwaka 1280 wengi walilipa fedha badala ya kwenda, ile kodi ya ngao. Kuna pia michango mitatu iliyokubaliwa: bwana akitekwa na kutakiwa fidia, mwanawe wa kwanza akipewa upanga, binti yake wa kwanza akiolewa.

Hadhi yenyewe ilikuwa mzigo. Farasi wa vita na mavazi ya chuma vilikuwa ghali kiasi kwamba watu wenye sifa walijificha. Edward I alipotaka askari aliagiza mwaka 1278 kwamba kila mwenye ardhi inayoingiza pauni 20 kwa mwaka avikwe uaskari, apende asipende. Baadhi walilipa faini wasivikwe. Pauni 20 ni peni 4,800, ujira wa kibarua wa siku 2,400 na zaidi. Mtu wa kipato hicho akilia umasikini mimi simwonei huruma, lakini naelewa alichokuwa anakimbia.

Udhaifu mkubwa wa nafasi hii ni yatima. Askari akifa na mtoto wa kiume chini ya miaka 21, mtoto na ardhi vinakwenda kwa bwana, si kwa mama. Bwana anakula mapato hadi kijana akue, na ulezi huo unaweza kuuzwa mnadani kwa mtu asiyemjua mtoto. Ndoa ya mtoto nayo inauzwa. Binti mrithi wa askari alikuwa mali ya biashara kwa namna ambayo binti wa mkulima huru hakuwa: yatima wa mkulima alilelewa na ndugu wa karibu asiyeweza kumrithi, kwa kawaida mama, na tangu sheria ya Marlborough ya 1267 mlezi huyo alitakiwa kutoa hesabu. Magna Carta ya 1215, ile hati ya kumwekea mfalme mipaka, ilipunguza makali huko juu. Ada ya urithi ya ardhi ya askari mmoja isizidi shilingi 100, na mjane asilazimishwe kuolewa. Kwamba ilibidi iandikwe, unajua hali ilikuwaje kabla.

Kwa hiyo nafasi hii ni nzuri kwa mwanamume mzima, mwenye afya, ambaye baba yake alichelewa kufa. Nje ya masharti hayo ni kamari.

Mtawa na mtu wa mjini, kwa kifupi

Utawa ulikuwa ngazi, lakini ufunguo wake ulikuwa kwa bwana: tangu 1164 sheria ilitamka kwamba mwana wa mtwana asipewe daraja la ukasisi bila ridhaa ya bwana wa ardhi aliyozaliwa. Baba aliyetaka mwanawe asome alilipia. Waliopita walipanda kweli. Robert Grosseteste, mtu wa asili duni, alifika kuwa Askofu wa Lincoln mwaka 1235. Na yule Abati Richard aliyetandaza vijaa sakafuni? Alikuwa mwana wa mhunzi. Alitengeneza saa ya ajabu iliyoonyesha mwendo wa nyota, na hakuwahurumia watu wa asili yake hata kidogo.

Mji unavutia kwa sababu ya ule mwaka na siku moja. Desturi za Newcastle za wakati wa Henry I zinasema mtwana akikaa mjini mwaka na siku moja kama raia wa mji, abaki humo daima. Soma masharti: awe raia wa mji, mwenye kushiriki wajibu wake, si mtu wa kulala kwenye ghala la binamu, na pasiwe na mapatano ya awali na bwana wake kwamba atarudi. Uanagenzi wa ufundi ulichukua miaka saba hivi. Maji yalikuwa machafu, magonjwa mengi, na mwaka wa njaa mtu wa mjini hana hata mahali pa kuotesha kabichi.

Wengi husahau mlango wa tatu. Mtwana aliweza kuondoka kijijini kwa ruhusa, akilipa peni chache au kuku wawili kwa mwaka ili bwana aendelee kumhesabu. Anafanya kazi mjini, anatuma kuku, na mambo yakiharibika anarudi. Mtu akiniuliza kati ya kutoroka na kulipa kuku, nitamwambia alipe kuku.

Badilisha mwaka, na mpangilio unapinduka

Yote niliyosema ni ya 1280, nchi ilipojaa watu na ardhi ikawa adimu. Sogeza tarehe hadi 1350. Tauni iliyoingia mwaka 1348 iliua kati ya theluthi na nusu ya watu katika miezi 18 hivi. Viwanja vikabaki bila wa kuvishika, bwana akitafuta mtu wa kuchukua ekari 30 hata kwa kilemba kidogo. Mtwana mwenye kiwanja bado alidaiwa shokoa ya babu yake, ilhali kibarua asiye na chochote aliweza kutaja bei.

Serikali iliona. Amri ya 1349, kisha sheria ya 1351, ziliagiza ujira urudi kwenye viwango vya kabla ya tauni na wenye nguvu walazimishwe kufanya kazi. Mahakimu walitoza faini maelfu ya watu, na ujira ukaendelea kupanda, kwa sababu waajiri walewale waliokaa kwenye mabaraza hayo walishindana wenyewe kwa wenyewe shamba likiiva. Mabwana walipokaza kamba upande wa watwana, na serikali ikaongeza kodi ya kichwa, 1381 ikafika. Tarehe 14 Juni, huko Mile End, nje kidogo ya London, waasi walimwomba Richard II, kijana wa miaka 14, afute utwana na ardhi ikodishwe kwa peni nne kwa ekari. Alikubali kwa hati. Siku iliyofuata kiongozi wao Wat Tyler aliuawa Smithfield, na hati zikafutwa muda si mrefu.

Angalia walichoomba, lakini. Pamoja na uhuru waliomba bei iliyofungwa, peni nne, isiyoongezwa. Katika karne iliyofuata mabwana walikodisha mashamba yao, shokoa ikageuzwa kuwa fedha, na mtwana akawa mpangaji mwenye nakala ya rejesta mkononi. Hakuna sheria iliyowahi kupitishwa kuufuta utwana. Kesi ya mwisho inayojulikana ya mtu kudaiwa mahakamani kuwa mtwana ni ya 1618.

Kwa hiyo ukipewa 1280, chukua ekari 30 hata kama zina kamba, kwa bwana mdogo, mbali na abasia, na uwe na kijana wa kumtuma kwenye shokoa. Ukipewa 1375, chukua yule kibarua wa ekari 3 niliyekukataza juu kule, na wiki ya mavuno usikubali ujira wa kwanza utakaotajiwa.